Nyumba ya Baba, Jina la Mtu Mwingine

Baba alifariki akiwa ameishi katika nyumba yake, hapa Morogoro, zaidi ya miaka thelathini. Lakini barua ya toleo ya kiwanja ilikuwa bado na jina la mzee aliyemuuzia. Waliuziana mwaka 1988 kwa karatasi ya daftari, mbele ya balozi wa nyumba kumi na mashahidi, na umiliki haukuhamishwa. Waliaminiana, na maadamu walikuwa hai, hiyo ilitosha. Muuzaji akatangulia, Baba akafuata. Mama akabaki mjane ndani ya nyumba ambayo serikalini haikujulikana kuwa ya mumewe.

Kikao cha ukoo kilinipendekeza mimi, binti mkubwa, niwe msimamizi wa mirathi. Tulichukua muhtasari wa kikao na cheti cha kifo, tukafungua shauri mahakama ya mwanzo, kwa kuwa Baba alikuwa Mwislamu na mali yake ingegawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Tangazo likabandikwa. Muda wake haujaisha, watoto wa muuzaji wakaleta pingamizi: kiwanja ni cha baba yao, barua ya toleo inasema hivyo, na sisi tulikuwa wapangaji tu.

Mama alipoambiwa kuwa ni mpangaji, alishindwa kula. Ndugu wengine walinishauri nitafute fedha tuwape yaishe. Usiku nilisali, nikamwomba Mwenyezi Mungu anionyeshe njia, kwa kuwa fedha hizo sikuwa nazo na haki niliijua.

Njia ilifunguka kwa msaidizi wa kisheria anayejitolea mtaani kwetu. Aliniambia, "Dada, msimamizi hukusanya mali ya marehemu. Usipothibitisha kwamba nyumba ni yake, hakuna utakachosimamia. Hakimu atataka kujua aliipataje, nani alishuhudia, na aliishikaje tangu siku hiyo."

Basi nikaanza kukusanya. Karatasi ya mauziano ilikuwa kwenye sanduku la bati, ikiwa na bei, mipaka ya kiwanja, sahihi na alama za dole gumba. Risiti za kodi ya pango la ardhi zilitoka kwa jina la muuzaji, lakini aliyelipa na kuzitunza mwaka hadi mwaka alikuwa Baba. Mpangaji gani hulipia ardhi ya mwenye nyumba, akabaki na risiti zote? Bili za maji zilikuwa kwa jina la Baba. Majirani waliomwona akifyatua tofali walikubali kuja kusema, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliandika barua.

Shahidi ndiye aliyekuwa mgumu kupatikana. Balozi alikwishafariki. Kati ya walioweka dole kwenye ile karatasi, aliyebaki hai ni mjane wa muuzaji, mama mzazi wa hao hao waliotupinga.

Nilikwenda kwake pamoja na Mama. Tulimwamkia, tukakaa mkekani, Mama akamwonyesha karatasi bila kumlaumu mtu. Bibi aliishika muda mrefu. "Dole hili ni langu," alisema. "Fedha zile zilimtibu mume wangu. Sitakwenda mbele ya Mungu nikiwa nimemdhulumu mjane mwenzangu."

Alikuja mahakamani akiwa ameshikwa mkono na mjukuu, akasema hayo hayo mbele ya wanawe. Pingamizi likatupwa, nikateuliwa kuwa msimamizi.

Bado kulikuwa na kazi. Muuzaji naye alikuwa marehemu, na marehemu hasaini uhamisho. Mwanawe wa kwanza, aliyekuwa ametupinga, aliona aibu mbele ya mama yake, akafungua mirathi ya baba yake na kusaini kama msimamizi. Ofisi ya ardhi ikaingiza jina langu kwa niaba ya marehemu Baba, si kama mwenye mali. Nikawasilisha orodha ya mali mahakamani ndani ya miezi minne kama kanuni zinavyotaka. Sheikh akatupigia hesabu: Mama thumuni yake, kilichobaki cha watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Sote tulikubaliana Mama asihamishwe.

Alhamdulillahi, leo Mama anafagia uwanja wake bila hofu. Namwombea Bibi kila siku, maana angenyamaza, karatasi peke yake ingekuwa na safari ndefu.

Nawaomba wenye wazazi walio hai: kaeni nao, waulizeni nyumba ilipatikanaje, karatasi ziko wapi, mashahidi ni nani na wangapi bado wapo. Mkikuta jina la mtu mwingine, mtafuteni mtu huyo leo. Kazi ambayo wazee wawili wangeimaliza kwa kusaini pamoja, sisi ilitugharimu mirathi mbili. Nendeni ofisi ya ardhi na aliyewauzia, wakati nyote mko hai.