Sukari Tusiyoiona Mezani

Katika nyumba nyingi siku hizi chupa ya sosi ya nyanya haikosi mezani. Watoto huimwagia viazi, mayai, mihogo, hata wali. Wala hakuna mzazi adhaniye kwamba amempa mtoto sukari. Maana sukari twaijua sote, ni ile ya bakulini, tuitiayo katika chai kwa kijiko. Walakini iko sukari nyingine iingiayo kinywani pasipo kuhesabiwa, nayo ndiyo tutakayo kuinena.

Kwetu sisi jambo hili si dogo. Mama yetu mzee anayo maradhi ya kisukari. Tangu alipoonywa na daktari aliacha sukari katika chai na uji, naye ni mtu apendaye chai tangu ujana wake. Lakini chakula kisichokolea humshinda, basi hukitilia sosi, vijiko vinne vya kulia kwa mlo mmoja. Siku moja tukaitwaa chupa, tukaisoma karatasi yake pole pole. Iliandikwa ya kuwa katika kila gramu 100 mna sukari gramu 24. Kijiko cha kulia cha sosi ni kama gramu 15, na kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Tulipopiga hesabu, vijiko vile vinne vilikuwa na sukari zaidi ya vijiko vitatu vya chai. Sukari aliyoikataa kikombeni ilikuwa ikimrudia sahanini. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Labda mtu atauliza, Je! nyanya yenyewe haina utamu? Unao, lakini ni haba: gramu 100 za nyanya mbichi hazifikishi gramu 3 za sukari. Iliyo nyingi hutiwa na watengenezaji. Siki ni kali, na sukari huupoza ukali wake. Tena huifanya sosi kuwa nzito, na husaidia isiharibike upesi. Achari tamu na sosi tamu ya pilipili zina desturi iyo hiyo.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na ya maji ya matunda, ipungue sehemu moja katika kumi ya nguvu yote tuipatayo kwa chakula. Kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku, ndiyo vijiko 12 vya chai; na ikishuka chini ya nusu ya hizo ni bora zaidi.

Basi, tufanyeje? Hatusemi chupa itupwe. Kwanza, sosi ipimwe kwa kijiko, isimiminwe. Pili, karatasi isomwe. Vitu huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi hutangulia. Tena sukari ina majina mengi: glukosi, fruktosi, dekstrosi, maltosi; yote ni ya ukoo mmoja. Tatu, sosi yaweza kupikwa nyumbani: nyanya mbivu, kitunguu, karoti moja, kitunguu saumu, pilipili na siki kidogo, vichemke hata vizito. Haikai siku nyingi, kwa hiyo ipikwe kidogo kidogo. Mama yetu alipoionja mara ya kwanza alisema yataka pilipili zaidi. Ya pili aliimaliza.

Nanyi walimu, liko somo jema la hesabu hapa. Waagizeni watoto walete chupa tupu na makopo kutoka kwao, wasome gramu zilizoandikwa, wazigawanye kwa 4, kisha waweke vijiko hivyo vya sukari juu ya karatasi nyeupe mbele ya darasa. Kilichofichika kitaonekana kwa macho, na jioni watoto wenyewe watawafundisha wazazi wao.