Hela ya Bibi

Bibi aliniachia sarafu moja nyeusi: heller 20, mwaka 1916, herufi T. Nikaingia intaneti. Bure, dakika mbili tu, nikajua ilitengenezwa Tabora, na bei yake. Nikaisugua kwa ndimu na majivu ing'ae, nipate mshiko.

Kumbe nimejimaliza! Wiki iliyofuata nikaazima kitabu maktaba. Sura ya kwanza tu ikanionya: usisugue sarafu kongwe, utaiua thamani. Hata kwenye intaneti onyo lilikuwepo, ila mimi nilikimbilia bei. Kitabu kikanianzisha mwanzo: vita, meli za Uingereza kuziba bahari, Wajerumani kutengeneza sarafu katika karakana ya reli. Tena heller ndiyo iliyotuachia neno “hela”.

Sasa sarafu ya bibi inang'aa kama kifungo kipya. Bei imekwenda. Siiuzi tena.