Soma Tena

Mwaka 1994 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Mkononi nilikuwa na barua ya kuitwa chuo cha ualimu, na huko Dar es Salaam mjomba alikuwa ananisubiri nikamsaidie dukani. Nikapiga magoti chumbani kwa bibi, Tukuyu, nikasali, kisha nikafumba macho, nikafungua Biblia na kuweka kidole. Kidole kikaangukia Mwanzo 12, pale Abramu anapoambiwa aiache nchi yake. Nilifunga sanduku usiku uleule.

Vijana wengi wa ushirika wetu tulisali hivyo. Ukitaka jibu, unampangia Mungu ishara: mvua ikinyesha kabla ya saa tisa, basi ni ndiyo. Tulikuwa na Gideoni wa kututetea, na ile ngozi yake ya kondoo iliyolowa umande huku ardhi ikiwa kavu. Siku moja nilimweleza bibi habari ya mvua. Akauweka chini ungo wa maharage. "Mjukuu wangu, hapa Tukuyu mvua inawanyeshea hata waliosahau kusali."

Duka la mjomba halikumaliza miezi minane, na nafasi ya chuo ilikwisha kwenda kwa mwingine. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu na Mungu. Kanisani nilikwenda kwa sababu tu bibi alihitaji mtu wa kumshika mkono kwenye mteremko.

Hakunisema. Alinipa kazi: kila alfajiri nimsomee, maana alikuwa na mtoto wa jicho. Kilikuwa kile kitabu chembamba cha maneno ya kila siku ambacho sisi Wamoraviani tumekua nacho, kurasa zake zikinuka moshi wa kuni. Nasoma aya mbili, ananyamaza. Ananyamaza mpaka chai inapoa. "Haya, soma tena." Akishasikia mara ya pili ndipo anasali, kwa Kinyakyusa, akimwita Kyala kama mtu aliyeketi ng'ambo ya meko.

Nilijiuliza aya hizo zina tofauti gani na kidole changu. Mchungaji ndiye aliyenieleza. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, siku za kiongozi wao Zinzendorf, na kitabu cha kwanza kilichapwa kwa mwaka 1731, miaka 160 kabla ya wamisionari kufika kwetu Rungwe. Aya ya Agano la Kale hupigiwa kura miaka mitatu kabla. Ile ya Agano Jipya haipigiwi kura: mtu huketi, akaitafakari ya kwanza, akatafuta inayopatana nayo. Wazee wale wa Herrnhut waliwahi kupiga kura hata kwa mambo ya ndoa, na katika karne ya 19 wakaliacha jambo hilo. Maneno ya kila siku wakabaki nayo.

Maelezo yale yalinikaa. Neno la leo lilichaguliwa kabla swali langu halijazaliwa. Linasomwa Rungwe, Sikonge na Herrnhut, na watu wasioijua shida yangu. Kidole changu kilikuwa kinatafuta aya ya kunikubalia. Ukweli ni kwamba Dar es Salaam niliitamani tangu kidato cha nne. Aya ya bibi haikujua ninachotamani, kwa hiyo ilinilazimu ninyamaze nisikilize.

Mwaka 1997 niliomba chuo tena. Nilisali wiki tatu. Nilimwendea mwalimu wangu wa zamani, nikakaa na baba tukahesabu ada, nikajiuliza ni kazi gani naifanya mpaka nasahau njaa. Sauti sikuisikia. Nilipata utulivu kidogo tu, nikajaza fomu. Tangu hapo Matendo 16 naisoma kwa macho mengine. Paulo anazuiwa Asia, anazuiwa Bithinia, ndipo anaona maono ya mtu wa Makedonia, na hata hapo ni yeye na wenzake kwa pamoja wanaokata shauri kuwa wameitwa. Tunapenda kuhubiri maono yale. Milango miwili iliyofungwa kwanza tunairuka.

Bibi alilala miaka mingi iliyopita. Mwaka huu binti yangu ana barua mbili mezani. Jana alfajiri nilisoma aya za siku, tukanyamaza, chai ikapoa. "Mama," akasema, "soma tena." Nikasoma. Hajaniambia anaelekea wapi, nami sijamwuliza.