Jina Chini ya Bakuli

Msafiri atokaye mji wa Kisii huitambua Tabaka kabla hajaambiwa, kwa vumbi jeupe lililotanda juu ya majani kando ya njia. Huko huchimbwa jiwe la sabuni, jeupe, la kijivu au la rangi ya waridi, laini hata kisu hulichonga. Wanaume huchonga mabakuli, sahani na sanamu. Wanawake aghalabu huvisugua vitu hivyo kwa msasa na maji, kisha hupakwa nta ving'ae.

Wageni huvinunua na kuvipeleka Ulaya na Marekani. Lakini geuza bakuli utazame chini: mara nyingi hakuna jina. Kule Italia, katika karne ya 16, fundi Giorgio Andreoli wa Gubbio alitia alama yake na mwaka nyuma ya sahani nyingi za udongo uliopakwa rangi ing'aayo. Hata leo wakusanyaji huzitafuta kwa jina lake. Elkana Ong'esa wa Tabaka ajulikana, maana ndege wake wa jiwe amesimama Paris, penye makao ya UNESCO. Mabakuli ya jirani zake huuzwa kwa jina la Kisii tu, na faida kubwa humwendea mchuuzi. Kuandika jina kwahitaji ncha ya kisu na dakika chache, kabla nta haijapakwa.