Mgeni Ndani ya Mac

Ninasoma uhasibu hapa Temeke. Darasani tunafundishwa kutunza hesabu kwa Tally, na Tally imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Laptop yangu ni Mac ya mwaka 2015, zawadi ya mama mdogo aliyeko ng'ambo. Kuiuza nisingeweza, ilikuwa jibu la maombi ya nyumba nzima.

Mac za zamani, zenye prosesa ya Intel, zina njia mbili. Ya kwanza ni Boot Camp, iliyoletwa na Apple mwaka 2006. Unawasha kompyuta ama kwa Mac ama kwa Windows. Mmoja akiingia, mwingine anatoka. Ya pili ni programu kama VirtualBox, inayojenga kompyuta ndani ya kompyuta, na yote mawili yakafanya kazi pamoja. Nilichagua hiyo. Leseni ya Windows niliinunua kwa kudunduliza. Tally naitumia katika hali yake ya kujifunzia, ambayo hailipiwi, ila inapokea miamala ya tarehe 1, 2 na 31 tu. Niliambiwa zipo za wizi kwa bei ya soda. Lakini mhasibu anayeanza na cha wizi, nani atamkabidhi sanduku la sadaka?

Kilichonigusa ni majina. Wataalamu huuita mfumo wa nje mwenyeji, na wa ndani mgeni. Kabla mgeni hajaingia, unaulizwa: atapewa kiasi gani? Mac yangu ina kumbukumbu ya GB 8. Niliipa Windows 4. Mgeni akiwa kazini, hizo 4 si za mwenyeji tena. Mac inakuwa nzito, na feni inavuma.

Muhula huohuo shangazi alikuja kutoka Ifakara kwa matibabu ya saratani Ocean Road. Nyumba yetu ya Mbagala ina vyumba viwili. Alipewa kitanda changu. Mimi nikalala sebuleni na kujisomea jikoni, na mitihani ilikuwa imekaribia. Usingizi ulipungua, na nafasi ilipungua. Lakini kila alfajiri, kabla ya kwenda hospitali, shangazi aliniwekea mkono kichwani na kuniombea kwa jina.

Ndipo nikamwelewa yule mwanamke Mshunami wa 2 Wafalme 4. Hakumwambia Elisha ajibanze popote. Alimtengea chumba, akakiwekea kitanda, meza, kiti na taa. Alipima kilicho chake, akakikata, akakitoa.

Wapendwa, wengi wetu tunasubiri Mungu atuongezee nafasi ndipo tupokee watu. Mac yangu haikuongezewa kumbukumbu yoyote. Iligawa ile iliyokuwa nayo. Ukarimu usiopunguza chochote kwa mwenyeji ni salamu tu. Tukipokea mgeni, tukubali kuwa wazito kidogo. Mwenyeji mzito bado ni mwenyeji, na kazi ya mgeni inafanyika.