Wapigaji wa Marlboro

Katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki ya Marekani, kuna kilima kiitwacho Potash Hill, karibu na kijiji cha Marlboro. Si mahali pa fahari. Kuna nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyeupe, malisho na miti mingi. Walakini tangu mwaka 1951, mwezi wa Juni unapoelekea kwisha, wanamuziki wapatao 70 au 80 hukikwea kilima hicho na fidla, selo na filimbi zao, wakakaa huko muda wa wiki saba. Baadhi yao ni vijana waliotoka chuoni juzi. Baadhi ni watu ambao santuri zao zimo majumbani mwa dunia nzima. Wote hula pamoja, na ni desturi yao kupokezana zamu ya kupeleka chakula mezani, hata huonekana mzee mwenye jina kubwa amewachukulia wanafunzi sahani zao. Yasimuliwa pia, na mashahidi ni wengi, kwamba chakula kikiisha hurushiana vitambaa vya karatasi vilivyofinyangwa kama mipira, na kwamba Rudolf Serkin, mkubwa wa mahali hapo kwa miaka 40, hakuwa wa mwisho katika mchezo huo.

Muziki upigwao Marlboro huitwa kwa lugha za Ulaya muziki wa chumba, maana asili yake ulipigwa sebuleni. Watu watatu, wanne au watano huketi wakitazamana, na kila mmoja ana sauti yake asiyoshirikiana na mwingine. Hapana kiongozi asimamaye mbele na kijiti. Msomaji wa pwani aijuaye fidla katika taarabu ataona ugeni hapa, kwa kuwa hapana mwimbaji wa kufuatwa wala ngoma ya kushika mwendo. Wapigaji hushikana kwa masikio na macho tu. Katika okestra kubwa kosa la fidla moja huweza kufunikwa na fidla 15 zilizo kando yake. Katika kundi la wanne kosa hukaa uchi mbele ya watu.

Ni dhahiri kwamba kazi ya namna hii haikuahidi utajiri. Kijana aliyefundishwa fidla barabara hutazamia kwanza kusimama peke yake mbele ya okestra, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa mlangoni. Hayo huwafikia wachache mno. Asipoyapata hutafuta kiti katika okestra, penye mshahara wa kila mwezi na mkubwa wa kumtii. Kundi dogo ni njia ya tatu, na kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa kazi ya mapenzi, ifanywayo na mtu ambaye ana mkate wake mahali pengine. Kwa nini basi watu wenye uwezo wa kuipata njia ya kwanza waliichagua ya tatu? Jawabu lake halitoki katika vitabu vya hesabu, bali katika maisha ya watu waliolianzisha tamasha hili.

Adolf Busch alizaliwa Siegen, Ujerumani, mwaka 1891, na baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza fidla. Kabla hajafika umri wa miaka 40 alikuwa katika safu ya kwanza ya wapiga fidla wa Ujerumani, na kundi lake la wanne lilikuwa mizani ambayo makundi mengine yalipimwa kwayo. Hakuwa Myahudi. Lakini Aprili 1933, alipoona maduka ya Wayahudi yamesusiwa kwa amri katika mitaa ya Berlin, alifuta maonyesho yake yote katika Ujerumani, nchi iliyokuwa shamba lake na ghala lake. Mwaka 1938 Italia nayo ilipotunga sheria za ubaguzi wa namna ile, aliiacha pia. Mwaka uliofuata alihamia Marekani. Huko mambo hayakumwendea kama alivyostahili. Maradhi ya moyo yalimshika mwaka 1940. Wasikilizaji wa nchi ile walikuwa wamezoea fidla ya kung'aa na kushangaza, na upigaji wake haukuomba kushangiliwa. Muziki wa makundi madogo ulikuwa na soko dogo. Mtu aliyekuwa amejaza kumbi za Ulaya alijikuta akianza tena karibu na umri wa miaka 50, na hakupata tena cheo chake cha zamani.

Yafaa jambo hili litazamwe kwa kituo, maana ndilo chanzo cha mengine. Marlboro haikujengwa na watu waliokuwa katika kilele cha kufaulu. Ilijengwa na wahamiaji. Busch, nduguye Hermann aliyepiga selo, mkwewe Serkin, na jamaa watatu wa nyumba ya Moyse waliotoka Ufaransa na Uswisi, ndio waliokusanyika mwaka 1951 katika uwanja wa chuo kidogo kilichokuwa na umri wa miaka michache tu. Walitaka pawe na mahali ambapo mwanamuziki aweza kuusoma utungo kwa muda utungo wenyewe unaouhitaji, si kwa muda ambao mwenye ukumbi amelipia. Busch hakukila kivuli cha mti alioupanda. Alifariki Juni 1952, karibu na hapo hapo, kabla ya kiangazi cha pili kufunguliwa.

Kazi ikamwangukia Serkin. Huyu alizaliwa Eger, katika Bohemia, mwaka 1903, akapelekwa Vienna angali mtoto, na alipokuwa na umri wa miaka 12 alipiga pamoja na okestra kubwa ya mji ule. Alipopata miaka 17 aliingia nyumbani kwa Busch, na baadaye, mwaka 1935, akamwoa binti wa nyumba. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia mkasa wa mwaka 1921, alipopiga Berlin kwa mara ya kwanza pamoja na Busch. Watu walishangilia, kijana akamwuliza mkuu wake apige nini tena kwa shukrani. Busch, kwa mzaha, akamtajia utungo wa Bach uitwao Goldberg, ambao ni wimbo mmoja na mageuzi yake 30. Serkin hakutambua kuwa ni mzaha. Akaketi akaupiga wote tangu mwanzo hata mwisho, na alipoinua macho ukumbini walikuwamo watu wanne tu: Busch, Artur Schnabel mpiga piano, Alfred Einstein mwanachuoni wa muziki, na yeye mwenyewe. Mtu wa tabia hiyo ndiye aliyefaa kukitunza kilima ambacho hesabu ya wasikilizaji haikuwa sharti la kwanza.

Sharti la kwanza lilikuwa mazoezi. Wanamuziki hutaja tungo wanazotamani kuzisoma, na makundi hupangwa, aghalabu mtu mzima mmoja kati ya vijana watatu au wanne. Mkubwa huyo hafundishi amesimama. Huketi akapiga sehemu yake, na kijana ana ruhusa ya kumbishia. Kundi laweza kushinda asubuhi nzima juu ya mistari minane. Tungo nyingi zisomwazo hazifiki jukwaani kamwe, na zile zifikazo hutangazwa siku chache kabla, pindi wapigaji wenyewe waonapo ziko tayari. Watu hununua nafasi zao bila kujua watasikia nini. Mfanyabiashara atasema huu ni wazimu. Lakini nafasi hununuliwa.

Mwaka 1960 alifika Pablo Casals, mzee wa miaka 83, mpiga selo aliyekataa kupiga katika Hispania maadamu Franco alitawala. Alirudi karibu kila kiangazi mpaka mwaka wa kufa kwake, 1973. Vijana waliopiga chini ya mkono wake wamesimulia kuwa alikuwa akitembea kwa shida mpaka jukwaani, na muziki ulipoanza uzee ulimtoka. Yo-Yo Ma, ambaye baadaye jina lake lilijulikana kuliko la mpiga selo yeyote, alikuwa mmoja wa vijana waliomwona hapo. Hapo hapo ndipo alipokutana na mwanamke aliyekuwa mkewe, na si yeye peke yake. Ndoa zilizotoka kilima kile ni nyingi.

Basi twende kwa Arnold Steinhardt. Kijana huyu alishinda shindano la Leventritt mwaka 1958, na hilo lilikuwa kati ya mashindano magumu ya Marekani. Akawa msaidizi wa mkuu wa wapiga fidla katika okestra ya Cleveland, chini ya George Szell, kiongozi mkali mwenye sikio lisilosamehe. Kazi ilikuwa ya heshima na mshahara wake haukuwa na shaka. Marlboro alipiga pamoja na John Dalley na Michael Tree, wapiga fidla kama yeye, na David Soyer, mpiga selo aliyewazidi umri. Mwaka 1964 wakaamua kuwa kundi, wakajiita Guarneri, jina la mafundi wa fidla wa Cremona. Steinhardt akakiacha kiti chake cha Cleveland.

Lakini kundi la namna hii lataka fidla mbili, viola moja na selo moja, na hapa palikuwa na wapiga fidla watatu. Mmoja alikuwa hana budi kukiacha chombo alichokitumikia tangu utotoni. Tree akajitolea kushika viola, chombo ambacho sauti yake hukaa katikati na masikio ya watu wengi huipita. Dalley akakubali fidla ya pili. Msomaji asiidharau nafasi hiyo. Fidla ya kwanza huimba juu, selo husimama chini kama msingi, na watu huzisikia zote mbili. Fidla ya pili hujaza, hujibu, huongoza kwa muda mfupi kisha hurudi ndani. Dalley alikikalia kiti kile miaka 45. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, husema wahenga. Hawa waliinama, na kundi lao likawa moja ya makundi yaliyosikiwa zaidi katika karne yao.

Je, waliishi kwa sifa? La. Waliishi kwa safari nyingi mno, kwa santuri, na kwa kufundisha, hasa Curtis katika Philadelphia na Chuo Kikuu cha Maryland. Huu ndio ukweli wa kazi hii, na haifai kuupamba: kundi la muziki huu lisilo na chuo nyuma yake ni nadra kudumu. Darasa hulipa kodi ya nyumba ili jukwaa lipate kuwa huru.

Bibi Blanche Honegger Moyse ana habari ya namna nyingine. Alizaliwa Geneva mwaka 1909, alikuwa mwanafunzi wa Busch, na ni mmoja wa wale sita wa mwanzo. Katika miaka ya 1960 mkono wake wa upinde uliharibika, na fidla ikamtoka. Mpiga fidla asiye na mkono ni kama mwandishi aliyepofuka. Bibi huyu akageukia kwaya, akawakusanya wenyeji wa Brattleboro na vijiji vya jirani, watu wa kazi mbalimbali wasiolipwa, akawafunza Bach kwa miaka mingi. Mwaka 1987 alisimama mbele ya okestra na waimbaji katika Carnegie Hall, New York, kwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka 78. Alifariki mwaka 2011, akiwa amepita miaka 100. Kwa hesabu ya kawaida kazi yake ilikuwa imekwisha katika umri ambao ya wengi huwa imekomaa.

Haya yote yasimdanganye msomaji akadhani kilima kile ni pepo ya usawa. Usawa wa meza huanza baada ya mlango, na mlango ni mwembamba. Vijana wateuliwao huwa wamekwisha kusikilizwa na kuchujwa. Wengi wao walianza fidla kabla ya kujua kusoma, katika nyumba zilizoweza kununua chombo na kumlipa mwalimu kila juma. Curtis, ambako Serkin alifundisha tangu 1939 na kuwa mkuu tangu 1968 hata 1976, haitozi ada ya masomo, na jambo hilo limewafungulia wasio na mali. Hata hivyo hakuna shule iwezayo kumrudishia mtoto wa miaka 15 miaka 10 ambayo hakuwa na fidla.

Serkin alifariki mwaka 1991. Wapiga piano wamemfuata katika uongozi: Mitsuko Uchida na Richard Goode tangu 1999, kisha Uchida pamoja na Jonathan Biss tangu 2018. Mwaka 2020 maradhi yaliyoikumba dunia yalizuia mkutano, na mwaka huo huo chuo chenye uwanja ule kikafungwa kwa kukosa wanafunzi. Muziki, uliokuwa mpangaji wa kiangazi tu, ukadumu zaidi ya mwenye nyumba.

Soyer alikiacha kiti chake katika kundi la Guarneri mwaka 2001. Hakutafutiwa mrithi mbali. Alikipokea Peter Wiley, mwanafunzi wake mwenyewe. Wiley alikuwa amewahi kuwa mkuu wa wapiga selo katika okestra ya Cincinnati akiwa na umri wa miaka 20, akaiacha nafasi hiyo kama Steinhardt alivyoiacha ya Cleveland. Wanne hao walipiga pamoja mpaka 2009, kisha kundi likafungwa kwa hiari yao. Wiley akaendelea kupanda Potash Hill wakati wa kiangazi, akiketi na selo yake kati ya vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipokuwa Cincinnati, na asubuhi nzima ikipita juu ya mistari minane.