Mgeni wa masomo ni mtoto wa watu, mwage vizuri

Familia kadhaa jijini Dar es Salaam hupokea wanafunzi kutoka nje, hasa wanaokuja kusoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku ya kumpokea mgeni kila mtu hujiandaa. Siku ya kumuaga hufanyika haraka haraka: begi linafungwa, picha zinapigwa, teksi inapiga honi.

Shangazi yangu, mkazi wa Kariakoo, aliishi na msichana wa Kijerumani kwa miezi minne. Binti alijifunza kuamkia wakubwa, kukuna nazi na kupatana bei ya khanga Mtaa wa Uhuru. Mwalimu wake mkali alikuwa mtoto wa mwisho wa shangazi, wa miaka mitano, aliyemsahihisha kila alipokosea.

Ndege yake ilikuwa ya usiku. Baadhi ya ndugu walishauri mtoto aachwe alale, akiamka aambiwe dada ameenda dukani. Shangazi alikataa. “Atakaa mlangoni akimsubiri mtu ambaye harudi,” alisema. Akaamua Jumamosi ya mwisho twende wote baharini, mtoto aage mchana kweupe.

Tulitembea hadi kituo cha Fire, tukapanda Mwendokasi kupitia Kisutu na Posta ya Zamani hadi Kivukoni. Pale mbele ya bahari makanisa mawili ya enzi za Wajerumani, la Mtakatifu Yosefu na la Azania Front, bado yamesimama katikati ya maghorofa. Mgeni aliyatazama kimya, kisha akamwambia shangazi, “Mama, kwetu nitawaambia nimeyaona.” Kutoka Magogoni kivuko kilituvusha kwa dakika chache, na bajaji ikatufikisha ufukwe wa Mikadi, Kigamboni.

Kabla ya mtu kugusa maji, shangazi alipanga zamu. Kila nusu saa mtu mzima mmoja alikuwa na kazi ya kumtazama mtoto tu, simu ikiwa ndani ya mkoba. Mzazi, zamu hii si mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Mtoto mdogo awe umbali wa kumfikia kwa mkono, hata maji yakiwa ya magotini. Na mtu mzima akivutwa na mkondo kuelekea kilindini, asishindane nao. Aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke kwenye mkondo, ndipo arudi nchi kavu.

Saa sita mabega ya mgeni yalikuwa mekundu. Alikuwa anameza doksisailini, dawa ambayo wasafiri wengi hutumia kujikinga na malaria, na moja ya madhara yake ni kufanya ngozi iungue upesi juani. Tulimfunika khanga, tukahamia kivulini.

Hapo kivulini ndipo alipotoa pakiti ya vidonge na kumpa shangazi. Alidhani safari imeisha, hivyo dawa imeisha kazi, na vilivyobaki vingeisaidia familia. Wageni wengi hufanya hivyo kwa moyo mwema. Lakini doksisailini huendelea kumezwa kwa wiki nne baada ya kutoka eneo lenye malaria, kwa sababu vimelea vilivyoingia siku za mwisho huweza kujitokeza baadaye. Na mtoto wa umri ule hapaswi kupewa dawa hiyo bila daktari kuagiza.

Shangazi alimrudishia pakiti. “Mwanangu, hizi ni zako. Nilikabidhiwa mtoto wa watu mzima, nataka afike kwa mama yake mzima.” Akamsisitizia pia kwamba akipata homa miezi ijayo, jambo la kwanza kumwambia daktari wa kwao ni kwamba alikuwa Tanzania, apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Kisha akamwita mtoto, akamweleza kwamba leo dada anaondoka.

“Atarudi kesho kutwa?”

“Hapana. Anarudi kwa mama yake, ni mbali. Tutaongea naye kwa simu.”

Mtoto alilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mgeni naye alilia. Baadaye wakachimba shimo mchangani wakalijaza maji, likakauka, wakalijaza tena.

Mtoto aliyeagwa vizuri bado atahuzunika. Anaweza kukosa hamu ya kula siku mbili tatu, au kumng’ang’ania mama kuliko kawaida. Mwache aulize, mjibu ukweli kwa maneno machache, na usimwahidi simu ambayo huna hakika itapigwa. Hali hiyo ikidumu wiki kadhaa, muone mtaalamu wa afya.

Jumatatu alfajiri, akivalishwa sare ya shule ya awali, mtoto aliuliza swali moja tu: kwa akina dada nako kumekucha?

“Bado kidogo,” shangazi alimjibu, akamfunga kamba za viatu.